Pikipiki ni mpya ya 2024, lakini kila mtu ananipa pole ya marehemu baba

Binti Nahodha (Mombasa)

Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Swali langu ni kwa wanaoendesha pikipiki na wanaozitengeneza, hasa wenye mashine mpya zilizo na umbo la zamani.

Mimi naendesha Royal Enfield Classic 350, ile ya kijani yenye krome. Niliinunua Nairobi, mpya, kiti kikiwa bado kimefunikwa nailoni. Mwaka wa kutengenezwa ni 2024. Lakini mtu akiikuta imeegeshwa ataapa ni ya enzi ya Mwingereza: tangi la mviringo, taa moja ya duara iliyozama ndani ya kofia ya chuma, vijitaa viwili vidogo juu yake, rimu za spoku, kingatope pana za chuma, na kiti cha dereva kilichotengana na cha abiria. Haina maganda ya plastiki wala michoro ya radi ubavuni. Ndiyo sababu niliipenda. Napenda chombo ambacho nikikitazama naona kila kipande kiko pale kwa kazi gani.

Maswali nayapata zaidi kivukoni Likoni, maana pale umezima injini, umesimama katikati ya watu na mikokoteni, na huna pa kwenda mpaka feri ifike ng'ambo. Mtu ataizunguka kwanza polepole. Kisha: "Mwanangu, hii ni ya mwaka gani?" Nikisema 2024 hawakubali. "La, hii ni ya zamani hii, chuma cha Waingereza." Halafu linafuata lile ninalolijua: "Ulirithi? Ilikuwa ya mzee?" Na kabla sijajibu: "Mungu amrehemu. Alikuachia kitu."

Baba yangu yu hai, walhamdulillahi. Yuko Faza, kule Lamu, ni nahodha wa jahazi, na maisha yake yote hajaendesha pikipiki. Kila nikiambiwa "Mungu amrehemu" moyo wangu unashtuka kwa ajili yake. Na kuna jambo la pili linaloniuma hata zaidi. Pikipiki hii niliilipia mimi, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha ofisini na kwa zamu yangu ya mchezo na wanawake wenzangu. Mtu akiamini ni ya zamani, hapo hapo anatafuta mwanamume aliyeniachia. Ingekuwa na sura ya mpya, labda angeuliza ni ya mume wangu, sijui. Lakini hii ya urithi inakuja kwa upole na kwa dua, kwa hiyo siwezi kuikataa bila kuonekana sina adabu.

Halafu yako mambo ya kazi. Wakala wa bima alitaka picha, nikamtumia kwa simu. Akajibu kwamba pikipiki kuukuu hawazipi bima kamili, nichukue ile ya mtu wa tatu tu. Hakuuliza hata namba ya chesisi. Na mimi ni karani wa kutoa magari bandarini! Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa usajili wa kwanza ndiyo mkate wangu, kwa sababu gari lililotumika likizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza haliingii Kenya. Nashinda kutwa nikisoma umri wa vyombo vya watu kwenye karatasi, kisha chombo changu kinasomwa kwa macho.

Gereji nako ni hivyo hivyo. Fundi mmoja alipiga goti, akaanza kutafuta skrubu ya kabureta ili "aiweke silensa vizuri", yaani mwendo wa injini ikiwa imesimama. Haina kabureta. Mwingine alitaka kunimwagia oili nzito "kwa sababu injini za zamani zinapenda nzito". Nilimzuia mkono.

Na mwisho yuko mzee mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni. Jioni anakuja pale nilipoiegesha, anaweka kiganja juu ya tangi, na anasimulia bosi wake wa karakana ya reli aliyekuwa na Enfield, jinsi walivyokuwa wakiisukuma asubuhi ikikataa kuwaka. Anaamini hii ni ile, au ndugu yake wa wakati ule. Nampenda mzee huyu na sitaki kumvunjia maneno. Lakini na mimi sitaki kukaa kimya kila jioni kama niliyekubali.

Basi: nyinyi mnajibu vipi? Na mnawazuiaje mafundi wasiishike kama mkweche?

---

Fundi Mstaafu (Tanga)

Waalaykum salaam, binti yangu. Mimi nilianza ufundi kijana mdogo kwenye mashamba ya mkonge, tukitengeneza BSA na nyingine za Kiingereza zilizoachwa na mameneja, na baadaye Honda na Yamaha zilipojaa. Nimefungua injini za aina hiyo anayoisimulia mzee wako wa Kibokoni. Acha nianze na yeye, kwa sababu hilo ndilo rahisi.

Usimwambie "hapana". Mwombe aangalie miguu. Pikipiki za Kiingereza za wakati ule, Enfield ikiwemo, giya zilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Kila aliyeziendesha analikumbuka hilo mwilini, maana alipohamia kwenye za Kijapani alikanyaga breki akiwa na nia ya giya, na wengine waliumia. Yako giya iko kushoto. Akishainama akaliona hilo, atajua mwenyewe, na atakuwa ameligundua yeye.

Kisha aangalie kulia: pedali ya kiki haipo. Kwenye Bullet, ile Enfield ya zamani, kiki ilikuwa sherehe nzima. Ulikuwa unashika kijiwaya cha kupunguza mgandamizo kwenye usukani, unaisogeza pistoni taratibu huku ukiangalia sindano ya ampea kwenye kofia ya taa, halafu ndipo unashusha uzito wako wote. Ukikosea, inakurudishia goti. Kwa hiyo anapokwambia waliisukuma asubuhi, anasema kweli tupu. Ile ilikuwa na platini, na platini zikilowa umande wa pwani hazitoi cheche. Yako inawashwa kwa kidole.

Sasa mafundi. Hapa nitasema kwa urefu, kwa sababu pikipiki nyingi mpya zenye sura ya zamani zinaharibiwa na watu wema.

Injini yako ya sentimita za ujazo 349 ni muundo mpya. Ilitoka kwanza kwenye Meteor, Enfield nyingine, mwishoni mwa 2020, na kwenye Classic mwaka 2021. Mafuta yanaingia kwa nozeli na kompyuta ndiyo inayopima. Silensa haiwekwi kwa bisibisi. Fundi akilazimisha kupata kitu cha kuzungusha atakigusa kisichomhusu, na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi. Ndani ya injini kuna shafti ya kusawazisha mtetemo. Ndiyo maana haikutii ganzi mikononi kama zile za zamani, na ndiyo maana mlio wake ni mzito lakini umetulia.

Oili: kitabu cha injini hiyo kinataka 15W50, na kwenye kopo paandikwe JASO MA2, alama ya oili ya pikipiki. Herufi hizo si pambo. Klachi yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini. Ukiweka oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza na fundi atakwambia sahani zimekwisha, akubadilishie bila sababu. Ile injini ya chuma cha kusubu ya zamani ilipewa 20W50 kwa sababu nafasi kati ya vyuma vyake zilikuwa kubwa. Huyo aliyetaka kukumwagia nzito aliijua ile, hii haijui.

Petroli: pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Usizoee kuendesha mpaka tangi likauke, na epuka petroli ya chupa za barabarani. Kabureta ikila uchafu unaifungua, unaipuliza, unaendelea na safari. Pampu na nozeli zikila uchafu unanunua.

Betri: kwa kuwa hakuna kiki, betri ndiyo roho. Ukisafiri kwenda kumwona baba Faza ukaiacha muda mrefu, chomoa waya wa hasi au ipatie chaja.

Na tairi. Rimu za spoku kama zako zinatumia tyubu. Misumari ya barabarani haijui mwaka. Beba tyubu ya akiba na vyuma vya kufungulia, kwa sababu dawa ya kuziba tairi zisizo na tyubu haitakusaidia.

Krome yako na chumvi ya Mombasa ni maadui. Ukitoka kivukoni, au ukipita barabara ya ufukweni upepo ukiwa mkali, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, ifute ikauke, kisha kitambaa chenye oili nyepesi kwenye spoku na nati zake. Usiguse diski za breki wala tairi. Wengi hung'arisha tangi na kusahau spoku, na kutu huanzia pale spoku inapoingia kwenye rimu.

---

Mkaazi wa Birmingham

Dada Binti Nahodha, salaam kutoka huku. Mimi ni mtu wa Tudor, Mombasa, lakini nimehamia Birmingham siku nyingi, na nina Classic 350 kama yako, ya 2022. Redditch, mji uliotengeneza Enfield za kwanza, uko kusini yangu tu, mwendo mfupi wa pikipiki. Nimefika kwenye eneo la kiwanda. Siku hizi ni karakana ndogo ndogo za watu mbalimbali, ila mahali bado panaitwa kwa jina la Enfield.

Hata huku napata swali lako. Kituo cha mafuta, mzee wa Kiingereza anasogea: ni ya mwaka gani? Halafu anaongeza kwamba nina bahati, silipi kodi ya barabara, kwa sababu huku chombo kikifikisha miaka 40 kinasamehewa. Ninamwonyesha namba. Namba za Uingereza zinabeba mwaka, yangu ina 22 katikati, na bado anatazama tangi, anarudi kwenye namba, anarudi kwenye tangi.

Lakini nimesoma maneno yako kuhusu urithi mara mbili na nataka kukuunga mkono kwa kitu nilichokiona. Mimi mwanamume watu wakidhani pikipiki yangu ni ya zamani, wananiuliza kama niliifufua mwenyewe. Wananipa sifa ya ufundi ambao sina. Yupo dada mmoja tunaendesha naye Jumapili, mashine ni hiyo hiyo, rangi nyeusi. Yeye anaulizwa kama ni ya babu yake. Chombo kimoja na kosa moja la umri, lakini mimi nafanywa fundi na yeye anafanywa mrithi. Kwa hiyo unachokihisi kivukoni hukukibuni.

Sasa jambo la pili, maana nimeona wengine wakizidharau pikipiki hizi kwamba ni mpya zilizovalishwa ukale. Hiyo si kweli kwa Enfield. Bullet ilianza hapa Redditch miaka ya mwanzo ya 1930. Miaka ya 1950 jeshi la India lilizihitaji kwa doria za mpakani, na mwaka 1955 kikaanzishwa kiwanda Madras, mji unaoitwa Chennai leo. Mwanzo walikuwa wanaunganisha vipande vilivyotoka Uingereza, baadaye wakapata mitambo ya kuvitengeneza wenyewe. Redditch ikafunga kiwanda 1967, na miaka michache baadaye kampuni ya Uingereza ikatoweka kabisa. Madras hawakusimama. Waliendelea kuisubu Bullet ile ile kwa miongo, huku dunia nzima ikihamia kwenye za Kijapani. Kwa hiyo umbo unaloliona halikunakiliwa kutoka kwenye picha na kampuni iliyokuja jana. Ni watu wale wale walioendelea kulitengeneza, wakabadilisha vilivyo ndani: 1994 kampuni ikawa chini ya Eicher, kampuni ya Kihindi, Classic ikaingia soko la India 2009, na ya sasa imebuniwa kwa ushirikiano wa Chennai na kituo chao cha ufundi kilichoko Leicestershire, hapa Uingereza. Hata vile vijitaa viwili juu ya taa yako vimekuwepo tangu miaka ya 1950.

Ndiyo maana mzee wako wa Kibokoni hajakosea sana. Alichokitambua kwa kiganja ni cha kweli. Kilichobadilika hakiko mahali kiganja kinafika.

Angalizo moja. Huku wapo wanaobandika namba nyeusi zenye herufi za fedha ili pikipiki ionekane ya kale zaidi. Sheria inaziruhusu kwa vyombo vilivyotengenezwa kabla ya 1980 tu. Mimi sikufanya hivyo na sitafanya. Ukipenda umbo la zamani, sawa, lakini karatasi na namba ziseme kweli.

---

Mtoto wa Ngong Road (Nairobi)

Sister, mimi naona unajichosha. Mimi pia nina Enfield, na nimeshasimama nje ya Racecourse siku ya Concours, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, watu wakiniambia niipeleke ndani nikashindane na zile za zamani. Nilifurahi tu. Mtu akikwambia ni classic, hiyo ni heshima. Wacha waamini. Wewe sema "asante" ukavuke. Kuhusu mafundi nakubaliana na mzee wa Tanga, huko usicheze.

---

Dereva wa Arusha

Dada shikamana hapo hapo, usikubali. Mimi ni dereva wa wageni. Mwaka jana ofisi ilinunua Land Cruiser 79 mpya, na hii ya sasa imerudishiwa taa za duara kama zile za mwanzo. Umbo lenyewe limekuwepo tangu 1984, na taa za duara zimerudi kwenye toleo lililotangazwa 2023. Basi wageni wanalipiga picha wakiniuliza limetembea kilomita ngapi tangu miaka ya themanini. Hilo halinisumbui.

Kinachonisumbua ni watu wa gereji. Tulikuwa nazo zile zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, chombo ambacho fundi yeyote wa njiani anakijua kwa kufumba macho. Hii yetu ina injini nyingine, lita 2.8 yenye turbo, na ni otomatiki. Ukiacha mtu aishike kwa mazoea ya 1HZ, umekwisha. Tulichofanya: tumebandika kibandiko ndani ya boneti, herufi kubwa, aina ya oili, aina ya injini, na maneno "ULIZA KABLA YA KUGUSA". Na wewe bandika chini ya kiti au pale kando ya tangi: "HAINA KABURETA. OILI 15W50 MA2." Fundi anasoma, hakuna kubishana, na wewe huonekani unamfundisha kazi mbele ya vijana wake.

---

Binti Nahodha

Nawashukuru sana, na Fundi wa Tanga nakuamkia kwa heshima zote, shikamoo. Maneno yako nimeyachapisha na nimeyaweka ndani ya kifuko cha karatasi za pikipiki.

Nianze na ndugu yangu wa Ngong Road, kwa sababu nimefikiri sana juu ya "wacha waamini". Wewe ukiambiwa ni ya zamani unapewa heshima, na nakufurahia. Mimi nikikaa kimya nakubali mambo mawili: kwamba baba yangu amekufa, na kwamba sikuinunua mimi. La kwanza siwezi kulitikia hata kwa kichwa. La pili nalikataa kwa ajili ya wasichana wanaosimama pale kivukoni wakisikiliza. Wapo kila safari, na sare zao za shule, na wananiangalia mimi kabla ya kuiangalia pikipiki. Nataka wasikie kwa sauti kwamba niliinunua. Wakikua wakataka yao, wajue njia ipo na ilishapitwa. Kwa hiyo jibu langu nimelipanga hivi: "Baba yu mzima, anakusalimu. Hii ni ya 2024 na nimeinunua mwenyewe." Nimeshalitumia. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya samaki akapiga kigelegele feri nzima ikageuka.

Wakala wa bima nilimwendea ofisini badala ya kuandikiana. Nilimpelekea logibuku, risiti ya muuzaji, na nikamsomea namba ya chesisi, herufi kwa herufi. Kwa wasiojua: kwenye vyombo vingi herufi ya 10 ya namba ile yenye tarakimu 17 ndiyo ya mwaka wa modeli. P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Q haitumiki kwa sababu inafanana na sifuri, na I na O nazo zimeachwa kwa sababu hizo hizo za kuchanganya. Yangu ina R. Alinyamaza, akachukua simu, akampigia mthamini, na mthamini alipoiona pikipiki yenyewe akaandika bei ya mpya. Nimepata bima kamili. Nawaambia wenye Enfield wenzangu: msitume picha peke yake. Picha ndiyo inayodanganya, hata ikiwa haijaguswa. Tuma logibuku kwanza, picha ifuate.

Kibandiko nimeshakichapisha, ndugu wa Arusha. Nimeongeza mstari wa petroli.

Na mzee wangu. Nilifanya kama Fundi alivyosema. Jioni alipokuja nikamwambia, "Babu, hebu niangalizie hii giya, naona iko upande gani?" Akainama, akashika goti, akatazama kushoto, akazunguka akatazama kulia, akarudi tena kushoto. Akasema, "Hii wameigeuza." Nikamwambia ndiyo babu, na kiki nayo wameitoa. Akataka kuisikia ikiwaka kwa kidole. Nikaiwasha. Akasikiliza, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema jioni zote zile: kwamba yeye hakuwahi kuiendesha ile ya bosi. Kazi yake ilikuwa kuisukuma tu. Aliruhusiwa kuiosha na kuisukuma, si kuikalia. Basi nimemwahidi Ijumaa baada ya swala nitampakia nyuma mpaka bustani ya Mama Ngina ufukweni na kurudi, polepole. Nimeshamtafutia helmeti inayomtosha. Mwanawe alikuja kuuliza kama ni salama, nikamwonyesha breki za diski mbele na nyuma zenye ABS, zisizoacha gurudumu lijifunge, akaridhika, ila amesema atatufuata kwa gari lake.

Fundi, nimebaki na swali moja la tyubu. Duka la spea la hapa lina tyubu zilizoandikwa za Bullet, muuzaji anasema zote ni sawa mbele na nyuma. Nichukue?

---

Fundi Mstaafu (Tanga)

Marahaba binti yangu. Usichukue kwa jina. Bullet za zamani zilikuwa na rimu ya inchi 19 mbele na nyuma, ndiyo maana anakwambia zote ni sawa. Yako mbele ni 100/90-19 na nyuma ni 120/80-18. Soma ubavuni mwa tairi, uandike, mpe karatasi. Nunua moja ya 19 na moja ya 18, uzipake unga wa poda kabla ya kuzikunja ili zisigandane kwenye joto la huko. Na kabla ya kumpakia mzee, ongeza upepo tairi ya nyuma, kitabu kina kipimo cha dereva peke yake na kipimo cha watu wawili. Shokapu za nyuma nazo zina vidato vya kukaza springi, kaza kidogo kwa ajili ya abiria. Msalimie. Mwambie nami nilizisukuma.